Hedifoni Yangu na Ukuta wa Jirani

Masikio ndiyo yanayonilisha. Kazi yangu ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa na watu nisiowajua, mara mahojiano, mara mkutano, mara mahubiri, na kuandika kila neno lililosemwa. Naifanyia nyumbani, mtaa wa Jericho hapa Nairobi, katika nyumba ya kupanga ya kaunti ambayo mama yangu aliishi hadi aliporudi mashambani kupumzika, akaniachia. Nyumba za kwetu zimejengwa kwa safu, moja imeshikana na nyingine, kwa hivyo ukuta mmoja wa chumba changu ni ukuta wa jirani pia. Meza yangu iko kwenye ukuta huo kwa sababu ndiko soketi iliko.

Hedifoni niliyokuwa nayo ilikuwa ya mtumba, na ilinitesa. Ngozi bandia ya mito yake ilikuwa ikibanduka vipande vyeusi, nikawa naenda dukani na madoa mashavuni kama mtu aliyetoka kupuliza jiko la makaa. Utepe wa kichwani ulibana. Mimi huvaa miwani, na ikifika saa sita mchana mikono ya miwani ilikuwa imenichimba juu ya masikio hadi nahisi kichefuchefu. Sauti nayo ilikuwa nyembamba, ya bati, kana kwamba kila niliyemsikiliza alikuwa ameingiza kichwa ndani ya sufuria. Mteja mmoja alinirudishia kazi mara mbili, akaniuliza kama kweli huwa nasikia.

Nikaamua kuitengeneza mwenyewe. Nilipanga vitabu vinene vya zamani mezani, nikavivalisha hedifoni kama kichwa, nikaiacha siku mbili ilegee. Mito ya zamani nikaing'oa. Nikakata sponji kwenye pembe ya godoro kuukuu nikifuatisha duara la kisahani cha chai, nikaifunika kwa bahameli ya kijani iliyobaki fundi wa makochi alipomshonea mama viti. Kila mto nikauchonga mfereji mdogo mahali pa kupitisha mkono wa miwani. Nilipoijaribu mara ya kwanza nilikaa tu, bila kusikiliza chochote, nikifurahia kutoumia.

Ningeishia hapo. Lakini mkono ukishazoea bisibisi hautulii. Nikafungua vikombe vyenyewe vya masikioni. Ndani mlikuwa na spika ndogo, upana wake kama kifuniko cha chupa ya jemu, na nyuma yake uwazi mtupu. Nikaelewa kwamba uwazi huo ndio uliokuwa ukivuma. Nikabandika ndani ya plastiki vipande vya utepe mzito wa lami, ule ambao watu hubandika kwenye mabati yanayovuja, kisha nikajaza pamba kidogo, na mwisho nikaziba vitundu viwili vilivyokuwa nyuma ya kila kikombe ili kelele za nje zisiingie.

Katika kuvutavuta huko waya wa sikio la kushoto ukakatika, ikabidi nimpelekee fundi wa simu na redio pale sokoni. Ni mwanamke wa rika langu, tulisoma shule moja ya msingi, na kibanda chake kimepakana na cha kinyozi. Aliulehemu waya, akachungulia ndani, akacheka.

"Manze, umejaza kila kitu. Umeziba hadi matundu?"

"Sitaki kelele ziingie."

"Sawa, lakini kikombe hupumua. Ukikiziba kabisa utasikia vitu hata hukutaka. Utajisikia ukimeza mate."

Nilimwambia hilo halina shida, nikaenda zangu.

Alisema kweli. Nilijisikia nikimeza mate. Nilisikia damu yangu ikipita, na taya ikisogea, na miwani ikigusana na nywele. Lakini sauti za kazi! Watu walikuwa wamepata vifua. Mwanamume aliyekuwa akiongea kwa bati jana, leo alikuwa amekaa mbele yangu na nilijua kwamba kiti chake ni cha mbao. Nikaanza kusikia hata vilivyokuwa nyuma ya maneno: jogoo mbali, kijiko ndani ya kikombe, mtu akipumua kwa pua.

Kulikuwa na mahojiano ya bwana mmoja aliyekuwa akieleza jinsi alivyoanza kufuga nyuki. Nilikuwa nimeyasikiliza mara moja kabla ya matengenezo. Safari hii, alipotua kidogo kabla ya kujibu swali, mwanamke fulani nyuma yake akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Usimwambie hilo." Nikarudisha nyuma. Nikachomoa hedifoni, nikasikiliza kwa spika za kompyuta: hakuna kitu, ni kimya tu. Nikaivaa tena. "Usimwambie hilo." Bwana akaendelea na habari za mizinga. Niliyaandika maneno yale kwenye kazi ya mteja, kisha nikayafuta.

Siku mbili baadaye, yapata saa tano asubuhi, jua likiwaka na safu nzima ikiwa kimya kwa sababu watu wako kazini, nilisimamisha sauti ili nipumzike. Nikafumba macho, nikaegemeza kichwa ukutani, hedifoni ikiwa bado masikioni. Nikasikia kitu kikiburutwa. Kikasimama. Kikaburutwa tena, polepole, kama godoro au gunia.

Nikafumbua macho, nikatazama kompyuta. Ilikuwa imesimama. Nikachomoa waya, nikaushika mkononi nikiuangalia. Kuburutwa kukaisha, na mwanamke akaanza kuongea. Sikuweza kushika hata neno moja, ila nilijua ni maongezi, maana alikuwa akisema, kisha ananyamaza kidogo, kisha anasema tena. Halafu mwanamume akakohoa. Mara mbili fupi, kisha moja ndefu yenye mluzi mwishoni.

Niliruka kutoka ukutani, na vyote vikakatika kwa pamoja.

Kikohozi kile nilikijua. Nililelewa nacho. Jirani yetu alikuwa mfanyakazi wa reli, miaka yote katika karakana, na kila asubuhi ya utoto wangu alikohoa hivyo hivyo upande wa pili wa ukuta, mama akisema, "Baba ameamka, nanyi amkeni." Lakini alikuwa amefariki kabla ya mvua za masika. Mimi mwenyewe nilisindikiza jeneza hadi kwenye gari lililompeleka kwao magharibi. Mkewe, ambaye nimemwita mama tangu nijue kuongea, aliondoka na gari hilo hilo. Hakurudi. Mpwa wa marehemu ndiye aliyekuja baadaye, akatuambia mama huyo amebaki mashambani apumzike. Akabeba kabati na viti, akatia kufuli jipya mlangoni.

Nikatoka nje. Kufuli lilikuwa pale pale, liking'aa. Madirisha ya mbao yamefungwa. Mama anayesimamia nyumba kumi zetu alikuwa akianika nguo, akaniona nikichungulia.

"Unatafuta nini huko?"

"Kuna mtu humu ndani?"

"Humo? Nani akae humo? Yule kijana, mpwa wa marehemu, hupita tu alfajiri akiangalia nyumba, anaenda zake kazini." Akanitazama vizuri. "Uko sawa wewe? Uso umekuwa jivu."

Nilimwambia ni njaa.

Siku iliyofuata sikuivaa hedifoni kabisa. Nilipika, nikafua, nikaosha madirisha ambayo hayakuwa na uchafu. Ya pili nilishindwa. Nilikaa, nikaegemeza kikombe cha kushoto ukutani, nikasubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu ila mtetemo wa lori mbali. Kisha mwanamke akacheka. Kicheko kidogo, cha mtu aliyeambiwa jambo na mtu aliyemzoea. Hata hivyo sikuondoa kichwa. Nilisikiliza hadi saa nane. Kazi za watu zikalala. Mwanamume alikohoa mara tatu siku hiyo, na kila mara mwanamke alisema neno moja fupi baada yake, kama pole.

Asubuhi yake nilienda sokoni moja kwa moja kwa fundi. Nilikuwa nimejiandalia maneno.

"Hii kitu inashika mawimbi," nilimwambia. "Inaingiza redio."

Aliniuliza nasikia nini. Nikamweleza kuburutwa, na maongezi, na kicheko. Kikohozi sikukisema. Akaichukua hedifoni, hata hakuifungua. Alinivalisha, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayesuka, akakiegemeza kwenye ubao unaotenganisha kibanda chake na cha kinyozi. Mashine ya kunyolea ikaniingia kichwani kama nyuki.

"Hiyo ni redio?" akaniuliza.

"Hapana."

"Si redio, na si majini. Umetengeneza kitu kama kile cha daktari cha kusikiliza kifua. Plastiki imekuwa nzito, imezibwa, ikigusa ukuta inabeba kila kitu hadi sikioni." Akaninyooshea bisibisi. "Sasa niambie, huo ukuta ni wa nani?"

"Wa nyumba iliyofungwa kwa kufuli."

Akaiweka bisibisi chini. Mashine ya kinyozi ilikuwa bado inavuma.

"Basi hiyo nyumba iko na mtu," akasema.

Nilikuwa nimeingia pale nikimwogopa marehemu. Nilipotoka nilikuwa na hofu nyingine, ya mtu aliye hai. Fundi alifunga kibanda chake, tukaongozana.

Tuliingia kwangu. Nikavaa hedifoni, nikagusisha kikombe ukutani. Kimya. Nikapiga hodi ukutani kwa kifundo cha kidole, mara tatu. Bado kimya, lakini hakikuwa kimya cha mahali patupu. Kuna mtu alikuwa ameacha kupumua. Nikapiga tena. Na hapo, chini kabisa, karibu na sakafu, mtu akapiga mara tatu.

Fundi aliona uso wangu, akatangulia mlangoni. Tulitoka nje, nikapiga magoti chini ya dirisha la jirani, mdomo kwenye ufa wa mbao.

"Hodi. Ni mimi. Ni mimi wa hapa kando."

Nikagonga ubao kwa kidole.

"Mama? Ni mimi, mtoto wa jirani yako wa hapa kando."

"Usiongee kwa nguvu," sauti ikasema, karibu sana, upande wa pili wa ubao. Ilikuwa yake, mjane wa jirani. "Watasikia."

"Nani watasikia, mama?"

"Watu wa kaunti. Kijana amesema wakijua mzee mwenye nyumba amekufa watatutoa. Tukae kimya tu, karatasi zinashughulikiwa."

"Uko humo tangu lini?"

"Tangu turudi kutoka mazishi. Aliniingiza usiku."

Zilikuwa wiki nyingi. Nilihesabu vitu vyote nilivyokuwa nimefanya wiki hizo, umbali wa hatua mbili kutoka kwake: nilikaanga samaki, nikacheka kwenye simu, nikaimba nikipiga deki. Naye alikuwa amekaa pale akinisikiliza, akiogopa kukohoa.

Yule mama wa nyumba kumi, tulipomwambia, alidondosha beseni. Alimpigia chifu simu kwanza, akaambiwa afungue mbele ya mashahidi. Fundi akaleta msumeno wa kukatia chuma. Wakati akikata kufuli, mama alikuwa akibembeleza kutoka ndani, "Msivunje, jamani, msivunje, kijana atakasirika," na fundi akazidi kukata, machozi yakimdondoka kwenye mikono.

Ndani mlikuwa na giza la mchana, lile linalokuwa kwenye nyumba iliyofungiwa madirisha, na harufu ya mafuta ya taa na nguo zisizoanikwa. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule tupu na leso mabegani. Alikuwa amepungua sana, shingo imekuwa ya mtoto. Godoro lilikuwa limesukumwa hadi kwenye ukuta wangu. Alikuwa akiliburuta huko kila asubuhi, alituambia, kwa sababu huo ndio ukuta wenye joto, na tena huko kulikuwa na mtu. Mpwa alikuwa akimletea mkate na maziwa alfajiri na kufunga tena kufuli akitoka. Hakumpiga. Alimwambia tu mambo ya kuogopesha kwa upole, siku baada ya siku, hadi yeye mwenyewe akawa mlinzi wake.

Kando ya godoro palikuwa na sinia, na juu ya sinia vikombe viwili vya chai. Vyote viwili vilikuwa vimenywewa; majani yamekauka chini.

Fundi alivitazama. Akaingia chumbani, akafungua kila mlango, akaangalia hadi nyuma ya mapipa ya maji. Akarudi akinitikisia kichwa. Hakukuwa na mtu mwingine, wala pa kutokea.

Nilimshika mama mkono. Nilijua nisiulize, nikauliza.

"Mama, ulikuwa ukiongea na nani?"

"Na mzee mwenye nyumba," akasema. Alilisema kama unavyosema maji yamekatika. "Anakaa nami. Ila kifua kimemzidi tangu mvua zianze."

Wala sikuwa nimetamka neno lolote kuhusu kikohozi. Sikuwa nimemwambia fundi, sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nilimwangalia mama midomo, nikingoja akohoe yeye, ili niweze kupumua. Hakukohoa. Tulimpeleka zahanati jioni hiyo. Daktari alimpima kifua, akasema amedhoofika kwa njaa na kukosa jua, lakini kifua ni kisafi kabisa.

Binti yake alifika siku ya pili kutoka Kakamega, macho yamevimba. Alikuwa ameambiwa mama yuko Nairobi, amekasirika, hataki kuongea na mtu kwenye simu. Nasi huku tuliambiwa yuko mashambani. Kila upande ulikuwa umeamini. Mpwa aliitwa kwa chifu, hakutokea, na simu yake haikupatikana tena. Baadaye tulisikia kwamba alikuwa ameshamwahidi mtu mwingine nyumba ile. Binti alihamia kwa mama yake. Walizunguka ofisini hadi nyumba ikaandikwa jina la mjane, na ikawa kwamba muda wote ule hakuna mtu wa kaunti aliyekuwa akimtafuta. Madirisha yakafunguliwa. Mama akaanza kukaa mlangoni juani akichambua mboga, na safu nzima ikipita ilimsalimia kwa sauti kubwa kupita kiasi, kila mtu akilipia kutosikia kwake.

Mimi nilimwomba msamaha. Nilimwambia nilikuwa hapo hapo.

"Najua," akasema. "Ulikuwa ukiimba. Unaimba vibaya kama mama yako."

Wiki chache baadaye alikuja kwangu mchana, binti yake akiwa ameenda sokoni. Nyumba yao ilikuwa tupu, mlango wazi. Nilimwona mwenyewe akitoka na kuuacha wazi. Alikaa kwenye kiti changu cha kazi, akaigusa hedifoni, akapapasa bahameli ya kijani kwa kidole gumba.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, mama."

"Nivalishe."

Nilimvalisha juu ya kilemba chake. Sikumwambia la kufanya. Aligeuza kichwa mwenyewe, akakiegemeza ukutani upande wa kushoto, akafumba macho. Nilisimama mlangoni. Niliona uso wake ukitulia, halafu akaanza kuitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepewa maagizo marefu kwenye simu. Mara moja alitabasamu. Mara moja akasema, "Haya." Ilichukua dakika tano, labda kumi.

Kisha akaivua, akaifuta mito kwa upindo wa leso, kwanza huu halafu huu, akaiweka mezani kwa uangalifu, waya umekunjwa vizuri. Hakuniambia alichosikia, nami sikumuuliza. Aliomba chai. Nilipomletea kikombe, alikishika kwa mikono miwili, akapuliza, akaniuliza kama maziwa ninayonunua ni ya yule mama wa kona au ya paketi, na tukaongea habari za maziwa hadi binti yake aliporudi.